MAISHA YA A. S. HORNBY, MTUNZI WA KAMUSI

Sidhani kuna mwanafunzi hapa shuleni asiyeifahamu ile kamusi nene ya Oxford, iliyotungwa mahsusi kwa wanaojifunza Kiingereza. Hubebwa toka bwenini hadi darasani, huazimwa bila kurudishwa, na wakati wa kuandika insha huwa haionekani kabisa. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kujiuliza jina lile la Hornby lililochapishwa kwenye matoleo yake ni la nani? Wengi hudhani ni jina la kampuni. La hasha! Hornby alikuwa mtu, tena mwalimu wa kawaida aliyeshika chaki kama walimu wetu.

Huenda mwingine akauliza, jarida la Chama cha Kiswahili lina haja gani na mwalimu wa Kiingereza? Swali zuri. Jibu ni kwamba Hornby hakuwafundisha Waingereza. Aliwafundisha watu ambao Kiingereza kwao kilikuwa lugha ya kigeni, kama kilivyo kwa wengi wetu tuliotangulia na lugha ya mama, tukapata Kiswahili, kisha ndipo tukakutana na Kiingereza kikitusubiri darasani. Njia alizozitumia zaweza kumfaa mwalimu wa lugha yoyote, hata anayemfundisha mgeni Kiswahili. Basi tumsikilize.

KUZALIWA NA SAFARI YA KWANZA

Albert Sydney Hornby alizaliwa tarehe 10 Agosti 1898 katika mji wa Chester, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Rafiki zake baadaye walimwita Ash, jina lililotokana na herufi za mwanzo za majina yake matatu. Alisomea Kiingereza katika Chuo Kikuu cha London, kwenye koleji iitwayo University College, na katika miaka ya ishirini akaajiriwa kwenda kufundisha Japani. Kituo chake kilikuwa shule ya juu ya biashara katika mji wa Oita, katika kisiwa cha Kyushu kusini mwa nchi hiyo.

Alikuwa ameitwa kufundisha fasihi ya Kiingereza. Kumbe alipofika alikuta jambo ambalo walimu wetu wanalijua sana. Wanafunzi walikuwa wamekisoma Kiingereza kwa miaka mingi, wamekariri sarufi, na mtihani walikuwa wameupita. Lakini kukisema Kiingereza chenyewe, lo! Ilikuwa taabu.

Sababu haikuwa uvivu. Wajapani ni watu wa bidii. Sababu ilikuwa njia waliyofundishwa. Mwanafunzi alipewa kifungu cha Kiingereza, akakigeuza neno kwa neno kwa Kijapani, kisha akayapanga maneno upya ili yaelekee Kijapani, kwa sababu katika Kijapani kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Hivyo macho yake yalikuwa kwenye Kiingereza lakini akili ilikuwa kwenye Kijapani. Isitoshe, Kijapani hakina vile vineno vya Kiingereza vinavyotangulia nomino, na nomino zake kwa kawaida hazibadiliki katika wingi. Sisi wa Kiswahili twamwelewa Mjapani huyo. Nasi pia tukisema kitabu huwa tumemaliza, hatuna haja ya kineno kidogo cha kukitangulia, na ndiyo maana vineno hivyo hututesa hadi leo.

MZEE PALMER NA NJIA YA MDOMO

Wakati huo kulikuwa Tokyo na Mwingereza mwingine, Harold Palmer, aliyezaliwa London mwaka 1877. Palmer alikuwa amefundisha lugha Ubelgiji kwa miaka mingi hadi Wajerumani walipoivamia nchi hiyo mwaka 1914, akakimbia. Mwaka 1922 Wajapani walimwalika awashauri juu ya ufundishaji wa Kiingereza, na mwaka 1923 akaanzisha taasisi ya utafiti mjini Tokyo, chini ya Wizara ya Elimu ya huko.

Palmer aliamini kwamba lugha huingia kwanza kwa sikio, kisha mdomo, ndipo jicho na kalamu zifuate. Mtoto mchanga hafunguliwi kitabu cha sarufi. Husikia kwa muda mrefu, akaelewa, kisha akaanza kutamka. Kwa hiyo Palmer aliwashauri walimu waanze na amri zinazotendeka. Mwalimu asema simama, mwanafunzi asimama. Asema nenda mlangoni, fungua mlango, funga, rudi ukae. Mwanafunzi hajatamka neno lolote bado, lakini tayari ameelewa sentensi tano bila kutafsiri hata moja.

Baada ya amri yalifuata maswali, nayo yalipangwa kama ngazi. Mwalimu ainua kitabu na kuuliza kama ni kitabu, jibu ni ndiyo. Ainua kalamu na kuuliza kama ni kitabu, jibu ni siyo. Kisha auliza, je, hiki ni kitabu au ni kalamu? Hapo mwanafunzi hana budi kuchagua, lakini neno analolihitaji limo ndani ya swali lenyewe. Mwisho auliza, hiki ni nini? Sasa neno litoke kichwani mwake mwenyewe. Angalieni ujanja huo! Mwanafunzi hakurushwa majini akaambiwa aogelee. Alishikwa mkono, akaingizwa kidogo kidogo.

Hornby akiwa kule Oita aliyasoma maandishi ya Palmer, akayajaribu darasani, akaanza kuandikiana naye. Palmer aliona huyu si mwalimu wa kupokea mshahara tu. Mwanzoni mwa miaka ya thelathini alimhusisha katika utafiti wa msamiati, na baadaye Hornby akahamia Tokyo kabisa. Mwaka 1936 Palmer alirudi Uingereza, na Hornby akaachiwa kazi ya utafiti na uhariri wa jarida la taasisi.

KWA NINI KAMUSI?

Wawili hawa pamoja na wenzao walikuwa wamegundua jambo. Mwanafunzi akijua maana ya neno bado hajui kulitumia. Hebu tuchukue mfano wa nyumbani. Kila mmoja wetu anajua neno la Kiingereza lenye maana ya kutaka. Mwanafunzi anayetaka kusema nataka uje, akifuata Kiswahili, ataandika "I want that you come". Kila neno hapo ni sahihi na maana yaeleweka, lakini Mwingereza hasemi hivyo. Husema "I want you to come". Kitenzi kile hakikubali kufuatwa na kineno "that" kwa namna hiyo. Lakini kitenzi cha kutumaini chakikubali, na "I hope that you will come" ni sentensi safi. Sasa mwanafunzi atajuaje kipi chakubali na kipi chakataa? Kamusi za wakati ule zilikuwa zimeandikwa na Waingereza kwa ajili ya Waingereza. Zilieleza asili ya maneno katika Kilatini na Kigiriki, na zilijaa maneno ya kale yasiyotumika tena, lakini juu ya swali hili zilinyamaza. Mwingereza hakulihitaji jibu, kwani alilinyonya na maziwa ya mama.

Kamusi za wanaojifunza zilikuwa zimeanza kutokea. Mwaka 1935 Michael West, mwalimu aliyefanya kazi Bengal nchini India enzi za ukoloni, alitoa pamoja na mwenzake kamusi ndogo iliyoeleza maneno kwa msamiati mwepesi sana. Hiyo ilimsaidia msomaji kuelewa. Hornby alitaka kamusi itakayomsaidia pia mwandishi na msemaji, yaani mtu anayetaka kutoa sentensi yake mwenyewe.

Alianza kazi hiyo mwaka 1937 akiwa na wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, nao walimu wa Kiingereza huko Japani. Hapakuwa na kompyuta. Kulikuwa na karatasi, kalamu, taipureta na subira. Vitenzi vya Kiingereza walivipanga katika ruwaza 25, kila moja na nambari yake. Ukitafuta kitenzi unakuta nambari, na nambari yakupeleka kwenye mfano wa namna sentensi inavyojengwa. Ukitaka kuandika, huna haja ya kubahatisha.

Jambo la pili lilihusu nomino. Walionyesha zipi zinahesabika na zipi hazihesabiki. Jamani, hili pekee lingetuokolea alama ngapi? Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kuona "furnitures", "informations" au "advices" zikizungushiwa wino mwekundu? Kwetu mashauri ni mengi na habari ni nyingi, na hakuna ubaya. Mwingereza anaziona nomino hizo kama sisi tunavyoona maji au moshi. Hakuna sheria ya akili itakayokuonyesha hilo, ni desturi ya lugha tu. Kwa hiyo lazima pawe na mahali pa kutazama, na Hornby alipatengeneza mahali hapo kwa herufi moja ndogo kando ya neno.

Msomaji wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ataifahamu haraka hali hii. Kando ya nomino kuna viambishi vya ngeli. Sisi tuliokulia Pwani au tuliokisikia Kiswahili tangu utotoni twaviruka. Lakini mgeni asiyejua kama aseme kamusi hii au kamusi hili ataviangalia kabla ya kitu kingine chochote. Kamusi ya mwenyeji humweleza mtu neno lina maana gani, na ya mgeni humweleza pia neno laishi vipi pamoja na mengine.

VITA VYAINGIA

Kazi ya kamusi ilimalizika mwaka 1940 na ikakabidhiwa Kaitakusha, kampuni ya uchapishaji ya Tokyo. Lakini dunia ilikuwa imeshachafuka. Tarehe 8 Desemba 1941 kwa saa za Japani, ndege za Japani zilishambulia Pearl Harbor, na majeshi yake yakaingia maeneo yaliyotawaliwa na Uingereza Bara Asia. Usiku mmoja tu mwalimu aliyeheshimiwa akageuka kuwa raia wa adui. Hornby alikamatwa na kuwekwa kizuizini pamoja na wageni wengine.

Fikirini hali hiyo, wenzangu. Mtu ametumia miaka zaidi ya 15 katika nchi ya watu, amewafundisha watoto wao, kazi kubwa ya maisha yake imo mikononi mwa wachapishaji wao, na sasa nchi hizo mbili zauana. Angeweza kudhani kwamba kazi imekwenda na maji.

Mwaka 1942 Uingereza na Japani zilikubaliana kubadilishana raia waliozuiwa. Mabadilishano hayo yalifanyika huku kwetu Afrika ya Mashariki, katika bandari ya Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, mji mkuu wa Msumbiji, kwa kuwa Ureno iliyoutawala haikuwa upande wowote katika vita. Mwaka huo Hornby akarejeshwa kwao.

Na ile kamusi? Ajabu ni kwamba Kaitakusha waliichapa mwaka huohuo wa 1942, huko huko Tokyo, huku vita vikiendelea. Kitabu cha lugha ya adui, kilichotungwa na watu wa adui, kikatoka katika mji mkuu wa Japani. Yaonekana wale Wajapani walielewa kwamba lugha haina kosa na kwamba vita vitapita lakini wanafunzi watakuwapo.

IRAN NA LONDON

Hornby hakukaa kupumzika. Aliingia katika British Council, shirika lililoundwa mwaka 1934 kueneza lugha na utamaduni wa Uingereza nje, akapelekwa Iran, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uajemi. Huko alifundisha na kuwasaidia walimu hadi vita vilipokwisha. Gatenby naye alikwenda kufundisha Uturuki.

Mwaka 1945 Hornby alirudi London kuwa mshauri wa shirika hilo juu ya mambo ya lugha. Aliona walimu wa Kiingereza wametawanyika pembe zote za dunia, kila mmoja akihangaika peke yake na darasa lake bila mtu wa kumuuliza. Kwa hiyo mwaka 1946 akaanzisha jarida la kuwaunganisha, English Language Teaching, akalihariri mpaka 1950. Jarida hilo lingali linatolewa, nalo siku hizi huitwa ELT Journal.

Katika jarida hilo alieleza njia yake ya kufundisha kwa kutumia hali halisi. Chukueni nyakati za vitenzi. Mwalimu anaweza kuandika kanuni ubaoni, wanafunzi wakanakili, na kesho yake wakasahau. Hornby alishauri mwalimu aende dirishani. Kabla hajaligusa aseme kwamba anakwenda kulifungua. Mkono ukiwa kwenye dirisha aseme analifungua. Likishafunguka, ageuke na kusema amelifungua. Nyakati tatu, tendo moja, na darasa zima limeona kwa macho tofauti iko wapi. Kisha mwanafunzi mmoja aitwe afanye vivyo hivyo huku akisema, na mwingine aelezee anayoyatenda mwenzake. Dirisha halinunuliwi, lipo katika kila darasa. Hata shule isiyo na umeme wala vitabu vya kutosha yaweza kufundisha hivyo, na hiyo ndiyo nguvu ya njia hii.

Mwaka 1948 Oxford University Press waliitoa upya ile kamusi ya Tokyo. Mwaka 1952 ikabadilishwa jina na kuanza kuitwa The Advanced Learner's Dictionary of Current English. Toleo la pili lilitoka mwaka 1963, la tatu mwaka 1974 kwa msaada wa A. P. Cowie. Baadaye wahariri wengine walibadilisha alama na kuongeza maneno mapya, na toleo la kumi likatoka mwaka 2020. Mamilioni ya nakala yameuzwa. Hornby mwenyewe alitunga pia vitabu vya kufundishia na kitabu maarufu cha ruwaza za sentensi, kilichotoka mwaka 1954.

ALICHOKIFANYA NA FEDHA

Mrabaha wa kamusi hiyo ulikuwa mwingi. Wengine wangejenga majumba. Hornby mwaka 1961 aliunda wakfu uitwao A. S. Hornby Educational Trust, akaelekeza humo sehemu kubwa ya mapato yake ili walimu wa Kiingereza kutoka nchi mbalimbali wapate ufadhili wa masomo Uingereza. Hoja yake ilikuwa ya haki. Fedha zilitoka kwa wanafunzi wa nchi za nje walionunua kamusi, basi nazo ziwarudie kupitia walimu wao. Wakfu huo ungali unafanya kazi.

Wenzake walimtungia kitabu cha heshima alipotimiza miaka 80. Alifariki tarehe 13 Septemba 1978, mwezi mmoja tu na siku chache baada ya siku hiyo ya kuzaliwa.

TUMPIME KWA HAKI

Haifai kumsifu mtu kana kwamba hakuwa na upungufu. Kuanzia miaka ya sabini wataalamu wengi walilalamika kwamba mazoezi ya ruwaza, yakizidi, humfanya mwanafunzi kasuku. Atasema vizuri kwamba anafungua dirisha, jambo ambalo kila mtu analiona, lakini apotee njia mjini na ashindwe kuuliza. Ukweli upo hapo. Ruwaza ni mifupa tu, nayo haitembei bila nyama. Mwanafunzi anahitaji pia jambo la kweli la kumwambia mwenziwe.

Lipo pia lalamiko zito zaidi. Kiingereza kilienea kwa meli za vita na ofisi za wakoloni kabla ya kuenea kwa kamusi. Katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi wanafunzi wa wakati wake walivyoadhibiwa kwa kunaswa wakisema Kigikuyu shuleni. Kibao cha kuvishwa shingoni kinajulikana katika shule nyingi za nchi hii, na Kiswahili nacho hakikusazwa. Mtu akisema kwamba kazi ya akina Hornby ilirahisisha safari ya lugha hiyo kuzitawala nyingine, hatuwezi kumwambia amekosea kabisa.

Lakini tazameni tofauti hii. Kibao cha shingoni hufundisha aibu. Hakimfundishi mtoto hata sentensi moja ya Kiingereza, humfunza kunyamaza tu. Njia ya Hornby ilikuwa kumwonyesha mwanafunzi, kumrahisishia, kumpa ngazi ya kupandia. Kosa la Mjapani hakulichukulia kuwa upumbavu. Alilichunguza, akatafuta kwa nini limetokea, kisha akaandika kitabu ili lisitokee tena. Ikiwa ni lazima tujifunze lugha ya kigeni, na kwa mitihani yetu ni lazima, basi tufundishwe hivyo, lugha zetu zikiwa salama midomoni mwetu.

Sisi wanachama wa Kiswahili tunalo la kuiga. Kuna wenzetu katika shule hii ambao Kiswahili ni kigumu kwao, na kila wakikosea ngeli darasa zima huangua kicheko. Kicheko hicho ni kibao cha shingoni kwa jina jingine. Anayesema meza kimevunjika ana sababu ya kukosea hivyo, pengine lugha ya kwao inampeleka huko. Tumwonyeshe meza, tumwambie imevunjika, tumuulize kama imevunjika au imepona, naye atajibu. Itatugharimu dakika moja.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hornby alikijaza chake kwa nomino moja baada ya nyingine, katika nchi mbili zilizopigana, kisha akawagawia waliomsaidia kukijaza. Basi ukiifungua kamusi yake usiku huu wakati wa kudurusu, usitafute maana tu ukaifunga. Soma na ile herufi ndogo iliyo kando ya neno. Imewekwa pale kwa ajili yako.